Fundi Anasema

Chanzo chake kilikuwa jiwe dogo, dogo kuliko kifungo cha shati. Liliruka kutoka nyuma ya lori la kokoto, likapiga kioo cha mbele cha gari la hospitali, likaacha kidoa chenye miguu kama buibui. Mwanamke aliyekuwa akiendesha hakuumia hata ukucha. Aliyeumia ni mumewe, Futi, ambaye saa hiyo alikuwa nyumbani ameketi nyuma ya cherehani, anakunja pindo la suruali ya mtu na hana habari. Maumivu yake yalichukua miezi minne kukomaa.

Futi lilikuwa jina la kupachikwa. Wateja walimpa kwa sababu ya ile futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake asubuhi hadi jioni, hata wakati wa kula, hata alipokwenda kuhani msiba. Majirani walimwita Baba Pacha, kwa ajili ya mabinti zake wawili waliozaliwa siku moja na sasa walikuwa shule ya bweni. Lakini mkewe alimwita Fundi. Alianza kumwita hivyo siku alipoleta sketi ipunguzwe kiuno, kabla hawajajuana majina, na baada ya ndoa, na pacha, na miaka kumi na tisa, hakuona sababu ya kubadilisha. "Fundi, chai hiyo." "Fundi, umefunga mlango?" Wako wanaume wanaoitwa laazizi na mpenzi, na usingizi hawaupati. Futi aliitwa Fundi, na alilala fofofo.

Mkewe alikuwa amefanya kazi miaka minane kwenye masjala ya hospitali, chumba cha chini kisicho na dirisha, akibeba mafaili kutoka rafu hii kwenda rafu ile. Alirudi nyumbani na vumbi la karatasi puani na neno moja mdomoni, nalo ni "nimechoka." Akajifunza kuendesha gari Jumapili kwa Jumapili, akaomba, akanyimwa, akaomba tena, mpaka wakampa usukani wa gari la sampuli. Kazi yake ilikuwa kuzunguka zahanati za mbali, kukusanya chupa ndogo za damu kwenye sanduku la barafu, na kuzifikisha maabara kabla hazijaharibika. Tangu siku hiyo mwanamke alibadilika. Alikula akashiba, aliimba akioga, na watu wakaanza kumwita Dereva, naye akaitika kwa raha kana kwamba ndilo jina alilobatizwa.

Tatizo lilikuwa barabara. Nusu ya njia yake ilikuwa ya changarawe, na malori ya kokoto yalipita hapo kutwa, yakimwaga mawe nyuma yao bila kuomba radhi. Na hospitali ilikuwa na sheria yake. Dereva aliruhusiwa kuvunja vioo viwili vya mbele kwa mwaka. Kikivunjika cha tatu, anakabidhi ufunguo na kurudi alikotoka, na hakuna anayeuliza jiwe lilikuwa la nani. Mwaka ulikuwa haujafika katikati, na Dereva alikuwa ameshapoteza viwili. Kwa hiyo jiwe lile la kidoa cha buibui lilipompata, alirudi mjini, na dereva mwenzake mmoja akamwelekeza kwa fundi vioo aliyekuwa na banda lake nyuma ya ghala la mbao.

Jioni ile aliingia nyumbani uso unang'aa.

"Ameziba," alisema, akavua viatu. "Huwezi kuamini. Ukipitisha kidole husikii kitu. Fundi anasema tundu likiwahiwa halitembei."

Futi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Aliinua kichwa. "Mimi nimesema hivyo lini?"

"Si wewe. Fundi vioo."

"Aa," alisema Futi, akalikosa tundu la sindano, akaulamba uzi upya.

Basi yakaanzia hapo. Fundi vioo anasema ukikuta lori la kokoto mbele, kaa nyuma sana, hata wenye haraka wakikupigia honi waache wapige. Fundi vioo anasema jiwe likipiga, papo hapo bandika karatasi ya gundi, ile inayopitisha mwanga, vumbi lisiingie. Fundi vioo anasema kioo chenye jeraha usikimwagie maji baridi kikiwa cha moto, na usibamize mlango madirisha yakiwa yamefungwa, maana upepo wa ndani unakisukuma. Chakula kilipoa kwenye sahani huku fundi vioo akisema. Mwezi wa pili neno "vioo" likadondoka njiani, akabaki Fundi. "Fundi anasema niegeshe kivulini." Na kwa kuwa nyumba moja haiwezi kuwa na mafundi wawili wa jina moja, siku moja mkewe akamwambia, "Baba Pacha, nipe chumvi," bila kuona alichofanya.

Futi alimpa chumvi. Baba Pacha ni jina alilomwita muuza maji. Baba Pacha ni jina alilomwita kila mtu mwenye haja ya kupita. Mwanamume yeyote aliyejaliwa pacha ni Baba Pacha, hata awe hajui kushika sindano. Fundi alikuwa yeye peke yake, na sasa neno lake lilikuwa linalala nyuma ya ghala la mbao kwa mtu asiyemjua.

Tangu hapo akajifunza kuziba masikio. Mkewe akisema "Fundi anasema," yeye alikanyaga pedali ya cherehani, na maneno yote yaliyofuata yakamezwa na ngurumo ya mashine. Hakujua kwamba siku moja angeyahitaji.

Kana kwamba hayo hayakumtosha, dada yake akaja kuongeza zipu kwenye gauni, na yule dada alikuwa na kawaida ya kuleta kitambaa kimoja na maneno kumi.

"Wifi siku hizi anapendeza," alisema, amekaa kwenye kiti cha wateja. "Amenawiri kabisa."

"Kazi imemkubali."

"Hilo gari nalo lina mikosi. Kila wiki nasikia liko kwa fundi vioo."

"Ni mawe, dada. Barabara ni mbaya."

"Mimi nimesema nini? Mawe ni mawe." Akatazama dari. "Ila jiwe linalopiga kila wiki, kaka, hilo ni jiwe lenye adabu sana."

Futi akacheka. Alicheka vizuri, kwa sauti, mpaka dada mtu akaridhika na kuondoka. Kisha akakata zipu fupi kuliko gauni, na ilimbidi aifumue yote.

Keshokutwa yake alifunika cherehani mchana, jambo ambalo hakulifanya hata pacha walipozaliwa, akakunja suruali moja kwapani ili aonekane ana safari ya maana, akaenda nyuma ya ghala la mbao. Nguzo za banda zilikuwa nene, na mbao zilizopangwa zilimpa pa kusimama asionekane. Gari la hospitali lilikuwa ndani. Alimwona mtu mwenyewe, na laiti angekuwa kijana mwenye kifua na manukato. Angemchukia tu, mambo yakaisha. Alikuwa mtu wa makamo kama yeye, mwenye kitambi cha kiasi na miwani iliyoshuka puani, aliyejiinamia juu ya boneti akishughulika na tundu dogo kuliko punje ya dengu. Alilisafisha kwa brashi, akakaza juu yake kidude chenye mguu wa kunyonya, akadondosha gundi nyepesi kama maji, akasubiri. Hakuwa na haraka. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na Futi, ambaye mikono ya watu ndiyo kitu alichokijua duniani, aliona kwamba kazi ile ni nzuri. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

Au tuseme nusu ya yote, maana mkewe alikuwa ndani ya gari. Alikuwa ameketi kwenye usukani, ameinua kioo kidogo cha kujitazamia nyuma ya lile tundu ili fundi aone gundi inavyoingia. Mmoja nje, mmoja ndani, nyuso zao zikitazamana shibiri moja, na kati yao hakuna kitu isipokuwa kioo cha gari.

"Shikilia hapohapo, Dereva," alisema yule mtu.

"Hapa, Fundi?"

"Hapo. Usipumue."

Naye hakupumua. Futi aliyajua macho yale. Mkewe alikuwa anaitazama ile mikono kama alivyoitazama mikono ya Futi, zamani, siku ya sketi, Futi akivuta mshono wa kiunoni na yeye akisema, "Kumbe uzi unaingia huku." Kisha fundi vioo akamulika taa yake ya buluu, akangoja, akapitisha wembe, na tundu likawa halipo. Akachukua kitambaa kupangusa. Futi alikitambua kitambaa toka alikosimama. Kilikuwa bitana ya kijivu, mabaki ya koti la mwalimu mmoja, alilolikata kwa mkasi wake mwenyewe mwezi uliopita. Mkewe alikuwa amekitoa kwenye mfuko wa vipande chini ya cherehani na kumpelekea mtu.

Alirudi nyumbani kwa miguu, suruali kwapani. Hakuuliza kitu. Angeuliza nini? Kwamba mke ametoa kipande cha bitana ambacho hata mto kisingejaza? Kwamba ameshika kioo? Wivu wa aina ile hauna pa kushtaki, na Futi alikuwa na akili ya kutosha kulijua hilo na hakuwa na nguvu ya kuuacha. Alilala ubavu, ameukabili ukuta.

Ikafika Jumamosi moja. Mkewe alikuwa ameamka alfajiri, akazunguka zahanati zote, na saa sita mchana akaingia uani na gari, akaliegesha kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Alishuka uso umemwiva kwa jua.

"Jiwe tena," alisema. "Hapa, mbele ya macho yangu. Nimeshabandika karatasi ya gundi. Nimempigia Fundi, anasema saa tisa, kioo kipoe kwanza, ndipo ashughulike nacho. Asiguse mtu."

"Nani aguse?"

"Nasema tu, Baba Pacha. Hiki ni cha tatu. Kikinitoka hiki, narudi kule chini kwenye mafaili." Alisema hivyo bila mzaha, akiutazama ufunguo kiganjani. "Kule siwezi kurudi. Nitakufa."

"Hutarudi. Nenda ukajinyooshe kidogo."

Akaenda, na kwa uchovu aliokuwa nao hakuvua hata soksi.

Futi aliketi mbele ya cherehani. Wiki nzima alikuwa anashona sare za kwaya, buluu mtindo mmoja, na ilikuwa imebaki mikono sita. Alishona mmoja, akasimama. Kupitia dirishani aliliona gari, na ile karatasi ya gundi imebandikwa mbele ya usukani, ndogo, safi. Alifikiri. Tundu ni tundu. Nguo ikitoboka, unasafisha kingo, unatoa nyuzi zilizokatika, unaziba kabla haijatatuka. Kioo kina siri gani zaidi ya hapo? Alikuwa na gundi kwenye droo, ile ya kubandika vifungo vya urembo, kali mpaka inakamata vidole. Aliona jinsi itakavyokuwa. Mkewe anaamka saa tisa kasoro, anatoka, anapitisha kidole hasikii kitu. Anageuka. Nyuma ya ghala la mbao mtu anangoja na miwani yake, anangoja mpaka jua linatua. Na mkewe anasema lile neno. Futi alilisikia kabisa, kwa sauti yake, pale pale alipokaa. Ndilo lililomnyanyua kitini.

Alitoka na gundi mfukoni, sindano mkononi na jagi la maji kutoka kwenye friji. Maji yalikuwa wazo lake mwenyewe. Alikuwa amesikia kwamba kioo lazima kipoe, na kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshahama zamani, jua limelala kwenye kioo chote. Basi atakipoza. Yale maneno mengine kuhusu maji baridi na kioo cha moto yalishasemwa ndani ya nyumba ile mara tatu, na mara zote tatu alikuwa amekanyaga pedali.

Alibandua karatasi taratibu. Akachokonoa tundu kwa ncha ya sindano, akitoa vumbi chembe kwa chembe, kwa mkono ule mwepesi uliokuwa mwepesi kuliko wa mtu yeyote. Alifurahi. Akachomeka sindano mahali laini palipokuwa karibu, kama alivyofanya maisha yake yote, akainua jagi, akamimina.

Kioo kilisema tak. Kilisema mara moja tu, bila ukali. Ufa ukatoka kwenye tundu, ukapita mbele ya kiti cha dereva, ukapinda kidogo na kwenda hadi ukingoni, kama mstari wa chaki uliochorwa bila rula. Futi aliutazama ukitembea. Haukuchukua muda wa kuita mtu.

Akafanya anachofanya mshonaji aliyekosea kitambaa cha mteja. Alificha. Akairudisha karatasi mahali pake, akafuta maji kwa pindo la fulana, akarudisha jagi kwenye friji, akaketi na kushona. Alishona mkono mmoja wa sare pande zote mbili, mwanzo hadi mwisho, mpaka ukawa mfuko.

Saa nane na nusu mkewe alitoka chumbani akijifunga kitambaa kichwani. Alimsikia akifungua mlango wa uani. Alimsikia akisimama. Kisha akarudi mlangoni, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida.

"Kimetembea," alisema. "Kimetembea mpaka mwisho."

Futi hakugeuka. "Kimetembea?"

"Nimekosa nini? Nilikibandika vizuri. Nilikiacha kivulini." Alijishika kichwa. "Au ni mlango. Nilipokuwa nashuka. Nilibamiza mlango?"

Hapo ndipo angesema. Alikuwa na nafasi, na mkewe alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka kwake, anamtazama mgongoni. Lakini maneno yale yangetaka maneno mengine nyuma yake, ya ghala la mbao, na bitana, na chumvi, na Futi aliona aibu ya yote kwa pamoja.

"Labda," alisema. "Labda ni mlango."

Mkewe aliitikia kwa kichwa, akalipokea kosa kama mtu anayepokea mzigo wake. Akatoa simu. "Fundi," alisema kwenye simu, "usinisubiri. Hapana, hakizibiki. Ni mimi, nimebamiza mlango. Ahsante kwa yote." Hapakuwa na utamu ndani ya sauti ile, wala siri, wala kitu chochote ambacho Futi alikuwa amekilisha miezi minne. Alikuwa mtu anayemuaga aliyekuwa akimwokoa. Akarudi nje kulifuta gari, kwa kuwa asingekabidhi gari chafu hata siku ya kufukuzwa.

Futi alichukua ule mkono wa sare uliogeuka mfuko, akaanza kufumua. Alifika katikati.

"Fundi," sauti iliita kutoka uani.

Alidhani bado yuko kwenye simu. Akavuta uzi mwingine.

"Fundi. Nakuita wewe."

Hakuna alichokumbuka katika nukta ile, si ufa, si jagi, si uongo alioutoa sasa hivi. Alisimama kwa nguvu hata kiti kikaanguka, akaitika "Naam," akatoka mbio kama kijana aliyeitwa na mchumba wake, na furaha ilikuwa imemjaa usoni, wazi, bila mahali pa kuificha.

Mkewe alikuwa amesimama mbele ya gari, ameinua wipa moja ili afute chini yake. Kwenye ncha ya kidole chake cha shahada kulikuwa na tone la damu. Katika mpira wa wipa, mahali laini palipokuwa karibu, ilikuwa imechomekwa sindano, na tunduni mwake umebaki uzi wa buluu.

Aliutazama uso wa mumewe mpaka ile furaha ikafa yenyewe. Kisha akaichomoa sindano, akampa.

"Sindano yako," alisema.

Futi aliipokea. Alipeleka mkono shingoni aichomeke kwenye kola, akakuta amevaa fulana isiyo na kola, akabaki ameishika. Mkewe aliteremsha wipa polepole, akaingia ndani ya gari, akafunga mlango bila kuubamiza. Akawasha gari, akatoka uani kwenda kukabidhi ufunguo, ameinamisha kichwa kidogo apate kuona barabara chini ya ufa.